Tanzia Iliyogeuka Sifa: Safari ya Neno Moja la Aristotle kutoka Baghdad hadi Toledo

Mwaka 932, katika baraza la waziri Ibn al-Furat mjini Baghdad, watu wawili walikabiliana mbele ya wanazuoni juu ya swali moja: je, mtu anahitaji mantiki ya Wagiriki ili apambanue maneno sahihi na maneno yaliyoharibika? Upande mmoja alikuwa Abu Bishr Matta bin Yunus, Mkristo wa Kanisa la Mashariki na mwalimu mkubwa wa mantiki katika mji ule. Upande wa pili alikuwa Abu Said al-Sirafi, bingwa wa sarufi ya Kiarabu. Al-Sirafi hakumpa mwenzake nafasi ya kupumua. Alimuuliza maana za herufi moja tu, ile “wa” ya Kiarabu inayounganisha maneno, na Matta akajibu kwamba hayo ni mambo ya sarufi na mantiki haiyahitaji. Kisha likaja swali zito zaidi. Kiyunani, yaani Kigiriki, hukijui, al-Sirafi alimwambia. Unachokifasiri wewe ni Kisiria. Basi unasemaje juu ya maana zilizohama kutoka Kiyunani kwenda Kisiria, halafu zikahama tena kutoka Kisiria kuja Kiarabu? Matta alijibu kwamba Wayunani wametoweka pamoja na lugha yao, lakini tafsiri imeyahifadhi makusudio yao na kuzifikisha maana.

Habari za mjadala huo tumezipata kwa kalamu ya Abu Hayyan al-Tawhidi, aliyekuwa mwanafunzi wa al-Sirafi, na inafaa tulikumbuke hilo tunapoona jinsi mwalimu wake anavyoshinda kila hoja. Hata hivyo swali lenyewe ni la haki. Sijui mahali linapoweza kupimwa vizuri zaidi kuliko katika kitabu kimoja ambacho Matta mwenyewe alikifasiri, nacho ni kile kitabu kifupi cha Aristotle juu ya sanaa ya ushairi, kinachojulikana kwa jina la Poetiki, kilichotungwa katika karne ya 4 KK. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu tragodia, aina ya tamthilia ambayo sisi tumezoea kuiita tanzia. Matta, akifasiri kutoka Kisiria, yaani Kiaramu cha Wakristo wa Mashariki, aliliandika neno hilo kwa Kiarabu kuwa madih, maana yake sifa; na komodia, ambayo kwetu ni futuhi, akaiandika hija, yaani mashairi ya kumwumbua mtu. Tanzia ikawa utenzi wa kusifu, futuhi ikawa shairi la kashfa. Kwa karne kadhaa baada yake, kuanzia Iraki hadi Hispania na Italia, wasomi wakubwa walimsoma Aristotle kwa kupitia maneno hayo mawili.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha watu walioeleza kitu wasichokijua. Nadhani masimulizi ya namna hiyo yanawaonea wahusika, na zaidi ya hapo yanatunyima somo lililo muhimu kwa yeyote anayefundisha nadharia ya tanzia kwa Kiswahili.

Tuanze na maandishi yaliyokuwa mbele ya Matta. Katika sura ya 6 Aristotle anatoa maana yake maarufu: tanzia ni uigaji wa tendo lenye uzito, lililokamilika na lenye ukubwa wake, kwa lugha iliyokolezwa viungo vinavyotofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine, uigaji unaofanywa na watu wanaotenda na usiokuwa wa kusimulia, ambao kwa njia ya huruma na hofu hukamilisha utakaso wa hisia za namna hiyo. Kisha anataja sehemu zake sita: msuko wa matukio, tabia za wahusika, fikira, lugha, muziki, na kile kinachoonekana kwa macho. Anasema msuko ndio roho ya tanzia, na kwamba kinachoonekana kwa macho, ingawa kinavuta nafsi, ndicho kilicho mbali zaidi na sanaa ya mshairi, kwa kuwa nguvu ya tanzia ipo hata bila maonyesho na bila waigizaji.

Ukiisoma sura hiyo bila kujua lolote kuhusu Athens, hutaliona jukwaa. Aristotle hakulieleza kwa sababu wasomaji wake hawakuwa na haja ya kuelezwa. Walikuwa wamekaa wenyewe kwenye mteremko wa kusini wa Akropoli, katika sikukuu ya mungu Dionysus iliyofanyika majira ya machipuko, wakitazama washairi watatu wakishindana kwa tanzia zao. Waliwaona waigizaji waliovaa vinyago, na kundi la waimbaji likicheza ngoma katika uwanja wa duara. Mambo hayo yote yalikuwa nje ya kitabu. Kitabu kilipokatwa kutoka katika mji wake, yalibaki maneno yanayoelekeza mahali ambapo msomaji hawezi kufika.

Wala hatuwezi kusema kwamba Baghdad haikujua uigaji wa aina yoyote. Karne moja kabla ya Matta, mwandishi al-Jahiz alikwisha kuandika habari za waigaji waliokuwa wakiiga lafudhi na mienendo ya watu wa kila nchi kiasi cha kuonekana wanaifahamu kuliko wenyewe. Kilichokosekana ni kitu mahususi: tungo ndefu ya kishairi inayoigizwa na watu wengi mbele ya umma, ikionyesha kuanguka kwa mtu mkubwa. Mfasiri aliyeambiwa kwamba kuna ushairi wa “watu wanaotenda” alikuwa na mahali pamoja tu pa kuutafuta, nako ni katika ushairi aliokuwa nao.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki wanaliruka. Wazo la sifa na kashfa Matta hakulitoa hewani. Limo ndani ya Aristotle mwenyewe. Sura ya 2 inasema kwamba tanzia huiga watu walio bora kuliko sisi na futuhi huiga walio duni. Sura ya 4, inapoeleza chanzo cha ushairi, inasema kwamba ushairi uligawanyika kulingana na tabia za watunzi: wale wenye hadhi waliiga matendo mema ya watu wema, na wale hafifu waliiga matendo ya watu duni, hawa wakianza kwa kutunga mashairi ya kushutumu kama wale wengine walivyotunga tenzi za kuwatukuza miungu na za kuwasifu watu. Kwa Aristotle hiyo ilikuwa hatua ya mwanzo ya historia ndefu, mbegu ambayo tanzia na futuhi zilikuja kuota baadaye. Kwa msomaji asiyeujua mti, mbegu ndiyo kitu pekee kinachotambulikana, na Waarabu walikuwa na ghala zima la kasida za sifa na za kashfa zenye kanuni zake, mabingwa wake na wahakiki wake. Mtu angekuwa na sababu gani ya kutafuta mbali zaidi? Hata mwambao wetu, lau kitabu kile kingefika Lamu au Mombasa katika karne ya 18, nina hakika mwanachuoni wa pale angefikiria kwanza kasida, halafu akafikiria mashairi ya kujibizana.

Tuitazame basi tafsiri ya Matta kwa karibu. Neno la kwanza zito katika maana ya tanzia ni spoudaia, lenye uzito, linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya haraka na juhudi. Matta anaandika tendo la hiari “lenye hima”. Ameufuata mzizi na kuipoteza maana, kosa la mtu anayefasiri neno kwa neno kwa uaminifu mkubwa. Uigaji anauandika kwa maneno mawili, tashbih na muhakat, ushabihishaji na uigaji, kana kwamba hakuamini kwamba moja linatosha. Huruma inakuwa rahma. Msomaji wa Kiswahili atalisikia humo neno letu rehema, na papo hapo atahisi tofauti: rehema hushuka kutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, ilhali huruma ya Aristotle inamshika mtazamaji kwa sababu mwenye kuteseka amepatwa na asichostahili, na hofu inaingia kwa kuwa mtu huyo anafanana na sisi. Mwishoni, penye lile neno lililobishaniwa kuliko yote, katharsis, Matta anasema kwamba sanaa hii husawazisha hisia kwa rehema na hofu, na huwasafisha na kuwatakasa wale wanaohisi. Katika Kigiriki kinachotakaswa ni hisia. Katika Kiarabu wanatakaswa watu. Maneno yaliyohama ni machache, lakini tayari tanzia imeanza kuelekea kwenye mawaidha.

Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950 na aliyesoma katika duru hiyo hiyo ya Baghdad, aliacha risala fupi kuhusu kanuni za washairi. Humo analibakiza neno la Kigiriki kwa matamshi ya Kiarabu, kisha analieleza: ni ushairi wenye mizani yake maalumu, unaotaja mambo mema na kuwasifu watawala, wanamuziki waliuimba mbele ya wafalme, na mfalme anapofariki wanaongeza tuni za kumwomboleza. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi na kila mara linanigusa. Ni picha ya uongo kihistoria, lakini sifa na maombolezo yamekaa humo pamoja, na mtu huwezi kuacha kuhisi kwamba al-Farabi, bila kuona hata mstari mmoja wa Sophocles, mtunzi wa tanzia wa Athens, alinusa kwamba katika sifa hizi kuna maiti.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa mwangalifu kuliko wote. Naye alibakiza maneno ya Kigiriki badala ya kuyafasiri, na alisema wazi kwamba Wagiriki walikusudia zaidi kuiga matendo na hali za watu, ilhali Waarabu walitunga ili kuitikisa nafsi au kuistaajabisha. Mwishoni mwa muhtasari wake aliandika kwamba hicho ndicho kiasi kilichopatikana katika nchi hizi cha kitabu cha Mwalimu wa Kwanza, yaani Aristotle, na kwamba limebaki fungu lisilo dogo. Mtu aliyekosa kitu na akajua kwamba amekikosa amekwisha kuokoa nusu ya elimu.

Kilele cha kisa hiki, hata hivyo, kiko Andalusia, Hispania ya Waislamu. Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, alikuwa kadhi na tabibu, na mfafanuzi wa Aristotle ambaye Walatini walimwita “Mfafanuzi” bila kuhitaji kumtaja jina. Katika miaka ya 1170 aliandika ufafanuzi wa kati, yaani usio mfupi wala mrefu, wa Poetiki. Tangu mwanzo alitangaza kusudi lake: kueleza zile kanuni za jumla zinazoyahusu mataifa yote au mengi, kwa maana mengi yaliyomo kitabuni ni desturi za ushairi wa Wagiriki wenyewe. Kusudi hilo ni kubwa na la ukarimu. Hakutaka kuonyesha kitu cha ajabu cha watu wa mbali. Alitaka sheria ya ushairi inayoweza kuwahukumu washairi wa Kiarabu Imru al-Qays na al-Mutanabbi kama ilivyomhukumu Homer wa Wagiriki. Mifano ya Kigiriki aliiondoa kwa kiasi kikubwa na mahali pake akaweka beti za Kiarabu. Alichukua neno madih kwa Matta, akalijengea nyumba nzima.

Tuingie katika nyumba hiyo, maana hapa ndipo tunapoona neno moja linavyozaa nadharia kamili. Aristotle ana jambo analoliita peripeteia, mgeuko wa hali kwenda kinyume na ilivyotazamiwa, kama pale mjumbe anapokuja kumwondolea Oedipus, mfalme aliyemwoa mama yake bila kujua, hofu kuhusu mama huyo, na kwa kumweleza yeye ni nani akakiharibu kila kitu. Kwa Ibn Rushd mgeuko huo ni mbinu ya kusifu: mshairi huiga kwanza kinyume cha yule anayekusudiwa kusifiwa, ili nafsi ichukie, kisha hugeuka na kumwiga msifiwa mwenyewe. Anagnorisis, utambuzi, ile saa ambayo mtu anajua hatimaye yule aliye mbele yake ni nani, imekuwa istidlal, na maana yake hapa ni kuiga kitu chenyewe peke yake bila kupitia kinyume chake. Hakuna tena anayetambua wala anayetambuliwa. Mbinu mbili za tukio zimekuwa mbinu mbili za balagha, yaani ufundi wa usemi, na ndani ya sanaa ya sifa zinafanya kazi barabara.

Zingatia pia kile kinachoonekana kwa macho. Matta alikifasiri kwa neno nazar, ambalo kwa Kiarabu ni kutazama kwa jicho na pia kutazama kwa akili. Ibn Rushd, asiyekuwa na jukwaa la kuliangalia, alishika maana ya pili: nazar, anasema, ni kule kubainisha usahihi wa itikadi. Vinyago, mavazi na mapambo vikageuka kuwa hoja. Sisi tunaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu Kiswahili kimerithi matawi yote mawili ya mzizi ule: mandhari, yaani kile kinachoonekana, na nadharia, yaani kile kinachofikiriwa. Mwanafunzi wetu anapoandika habari za mandhari ya tamthilia katika aya moja na nadharia ya tanzia katika aya inayofuata, yuko mlemle ndani ya neno lililomchukua Ibn Rushd njia nyingine.

Kisha kuna waigizaji. Neno la Kigiriki la mwigizaji ndilo lililokuja kumaanisha, katika maandiko ya Kikristo, mtu wa sura mbili, na Kisiria kilikuwa na usemi wake kwa mtu wa namna hiyo: mwenye kushika nyuso. Usemi huo ulipita ukaingia katika Kiarabu. Kwa hiyo pale Aristotle anapozungumzia uigizaji, Ibn Rushd anasema kwamba mshairi hodari hana haja ya kuukamilisha uigaji wake kwa mambo ya nje, yaani yale yanayoitwa nifaq na kushika nyuso; hayo ni ya washairi walaghai. Nifaq ndio unafiki wetu. Mwigizaji wa Athens, aliyevaa kinyago cha mfalme aliyejitoboa macho, alifika Cordoba akiwa mnafiki, na kadhi mwadilifu akamfukuza katika ushairi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo Ibn Rushd anaugusa moyo wa jambo. Anapofika kwenye sura zinazohusu huruma na hofu, sura za 13 na 14, anatafuta mifano, na kasida za sifa hazimpi. Anakwenda kwenye Kurani: kisa cha Yusuf na ndugu zake, na kisa cha Ibrahim alipoamriwa kumchinja mwanawe, ambacho anakihesabu miongoni mwa maneno yanayoleta huzuni na hofu ya juu kabisa. Huo ni uchaguzi wa mtu anayeelewa. Aristotle katika sura ya 14 anasema kwamba tukio linalotikisa ni lile linalotokea baina ya wapendwa, ndugu kwa ndugu, mwana kwa baba, mama kwa mwana. Na anayatukuza kuliko yote matukio ambamo mtu yuko tayari kumwua jamaa yake asiyemjua, akamtambua, akaacha. Anamtaja Merope aliyekaribia kumwua mwanawe, na Iphigenia aliyekuwa karibu kumtoa kafara ndugu yake. Kisu kilichoinuliwa juu ya mwana na kikazuiwa: bila kuwa mkononi na tanzia za Euripides, mtunzi wa visa hivyo, Ibn Rushd alikwenda moja kwa moja kwenye mfano ulio karibu kabisa na ule. Yusuf naye, akiwa mbele ya ndugu wasiomtambua, ni utambuzi halisi, ile anagnorisis ambayo nadharia ya Ibn Rushd ilikwisha kuipoteza katika maana yake. Mifano yake ilikuwa na hekima kuliko istilahi zake.

Kilichopotea, na hapa ndipo ninapoona hasara isiyofidika, ni hamartia, yaani kosa la mhusika. Katika sura ya 13 Aristotle anauliza ni mtu wa namna gani anayefaa kuanguka katika tanzia. Mwema kabisa hafai, kwa kuwa kuanguka kwake kunachukiza tu. Mwovu hafai, kwa kuwa anastahili. Anabaki yule wa katikati, asiyepita wengine kwa wema wala haki, anayeanguka kwa kosa fulani, si kwa uovu. Mhimili wa nadharia nzima ni mtu huyo. Sasa mweke mtu huyo ndani ya kasida ya sifa. Msifiwa hana kosa. Akiwa na kosa, mshairi hana kazi. Kwa Ibn Rushd, kwa hiyo, huruma hutokana na mabaya yanayomfika mtu mwenye fadhila asiyeyastahili, na kosa halishiki tena bawaba ya kisa. Ndivyo anavyojikuta karibu na hali ile ile ambayo Aristotle alikuwa ameikataa. Hakukosea kwa uvivu wala kwa haraka. Aliufuata mantiki wa neno alilopewa mpaka mwisho wake.

Mwaka 1256, mjini Toledo, Hermannus Alemannus aliufasiri ufafanuzi wa Ibn Rushd kwa Kilatini. Katika dibaji yake anaeleza kwamba alijaribu kwanza kumfasiri Aristotle mwenyewe akashindwa na ugumu wa maneno. Kwake tanzia ni sanaa ya kusifu na futuhi ni sanaa ya kulaumu, na kila shairi ni moja kati ya hayo mawili. Miaka 22 baadaye, mwaka 1278, Willem van Moerbeke aliifasiri Poetiki moja kwa moja kutoka Kigiriki, kwa usahihi mkubwa. Nakala mbili tu za mkono za kazi hiyo zimebaki, ilhali za Hermannus ni nyingi. Wasomaji wa Ulaya walikuwa na tafsiri sahihi wakaiacha, wakachukua ile waliyoweza kuitumia, kwa sababu nao walikuwa na shule za balagha zilizofundisha sifa na lawama, na hawakuwa na jukwaa la tanzia. Mwitalia Benvenuto da Imola aliitumia nadharia hiyo katika karne ya 14 alipomfafanua mshairi Dante. Toleo la Hermannus lilichapwa Venezia mwaka 1481, kabla ya Kigiriki chenyewe, kilichongoja mpaka 1508. Anayewacheka Waarabu kwa kukosa jukwaa inampasa aieleze hali hii pia.

Kisa hiki kinatuhusu sisi kwa sababu tumefanya uchaguzi kama wa Matta. Tulipohitaji neno la tragodia tulichukua tanzia, lenye asili moja na taazia, neno la kufariji wafiwa. Kila mtu anajua linavyotumika nje ya darasa: ujumbe unaingia katika kundi la simu, neno TANZIA kwa herufi kubwa, chini yake picha, jina la marehemu, mahali msiba ulipo na siku ya mazishi. Neno limebeba kifo kama mbebaji wa jeneza. Ndiyo maana mwalimu yeyote wa fasihi amekutana na insha inayosema kwamba tanzia ni tamthilia inayoishia kwa kifo cha mhusika mkuu. Mwanafunzi hakukosa akili. Amesoma neno lilivyo, kama Ibn Rushd alivyosoma lake.

Lakini Oedipus wa Sophocles hafi mwishoni mwa mchezo unaobeba jina lake. Anatoka akiwa hai, macho yakimvuja damu, akiomba afukuzwe nchini na akiomba awashike binti zake. Tanzia tatu za Aeschylus, mtunzi mwingine wa Athens, kuhusu Orestes, zilizoonyeshwa mwaka 458 KK, zinaishia kwa mshtakiwa kuachiwa huru na maandamano ya shangwe. Iphigenia anamtambua ndugu yake na wote wawili wanatoroka salama, na Aristotle anaihesabu hali hiyo kuwa bora kuliko zote katika sura ya 14, japokuwa sura moja nyuma alikuwa amesifu mwisho wa msiba. Mgongano huo wa sura mbili wahakiki hawajaumaliza hadi leo. Katika maana yake ya tanzia neno kifo halimo. Limo tendo, limo kosa, imo huruma na hofu. Sipendekezi tuache neno tanzia. Limekwisha kuota mizizi, na maombolezo yaliyomo ndani yake yanamkaribisha msomaji wetu mahali ambapo istilahi ngeni isingemfikisha. Ninachotaka ni kwamba somo la kwanza la tanzia darasani lianze kwa Oedipus aliye hai, kabla kamusi haijasema neno lake.

Limebaki swali la al-Sirafi, na jibu lake lilichelewa sana kufika. Katika sura ya 1 Aristotle anazungumzia sanaa inayoiga kwa maneno matupu au kwa mizani bila muziki, na katika nakala za Kigiriki sentensi ile ilikuwa na pengo: ilisema kwamba sanaa hiyo “hadi sasa ni…”, na kilichofuata hakikueleweka. Katika karne ya 19 mwanafilolojia Mjerumani Jacob Bernays alikisia kwamba limeanguka neno moja, anonymos. Bernays alifariki mwaka 1881. Mwaka 1887 David Margoliouth, msomi wa Oxford, alichapisha tafsiri ya Matta kutoka kwenye nakala ya mkono iliyohifadhiwa Paris, na neno lilikuwamo humo kwa Kiarabu. Lilikuwa limehama kutoka Kigiriki kwenda Kisiria, na kutoka Kisiria kuja Kiarabu, njia ile ile aliyoitilia shaka al-Sirafi, likafika salama wakati nakala za Kigiriki zilikuwa zimelipoteza. Maana yake ni “isiyo na jina”.